Injini Tuliyoifunga Bi Tausi Akiwa Edani

Vijana wa karakana mmeniomba niwaandikie kazi yetu ilivyokuwa zamani, mkaninunulia na kalamu mpya, utadhani miaka yote hii nilikosa kalamu. Nimestaafu juzi tu. Mikono bado inanuka grisi, na nyumbani wananishangaa nikiamka alfajiri kutafuta ovaroli. Sitawaandikia nilipanda cheo lini wala mshahara ulikuwaje, hayo waulizeni watu wa ofisini, wao ndio wanaoyapenda. Nitawaandikia siku yangu ya kwanza, mtu aliyenifundisha, na injini moja ambayo hata leo sijaisahau.

Nilizaliwa Itetemia, kwa wakulima wa karanga na tumbaku, watu wa kanisani Jumapili na shambani siku zilizobaki. Nilimaliza ufundi miaka michache baada ya Azimio la Arusha, wakati redio ilikuwa inatuambia kila jioni kwamba mwanamke naye ashike nyundo. Mimi nikaiamini redio. Nikaletwa karakana ya mkoa hapa Tabora nimevaa ovaroli ya kaka yangu, nimeikunja miguuni na mikononi. Mkuu wa karakana wa wakati ule akanitazama, akaitazama barua yangu, akanitazama tena, akasema nikamtafute Fundi Mwinshehe, yeye ndiye atakayejua la kufanya na mimi. Maana yake yeye mwenyewe hakujua.

Mwinshehe alikuwa chini ya lori, inaonekana miguu tu. Nikaiamkia ile miguu. Ikaniitikia marahaba, kisha ikauliza mimi kabila gani. Nikasema Mnyamwezi. Akajivuta nje taratibu, mtu mfupi, kofia imeloa oili, akanikagua kuanzia juu mpaka chini huku uso wote unacheka. Akawageukia mafundi wenzake.

"Jamani, mpagazi wangu kafika. Babu yangu alimtwisha mzigo Bagamoyo, leo ndiyo anaufikisha."

Mzaramo, mtani wetu Wanyamwezi tangu enzi za misafara! Nikashusha pumzi, maana kwa mtani nilijua pa kushika. Nikamjibu kwamba mzigo ninao, ila babu yake alimpa babu yangu nazi mbovu akaharisha njia nzima mpaka Unyanyembe, ndiyo maana tumechelewa. Karakana nzima ilikufa kwa kicheko. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza mwanamke kaja kufanya nini hapa, kwa sababu kila aliyetaka kunisema alikuta mtani wangu ameshaniwahi, na matusi ya mtani hayaumi. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa ananikinga.

Alinifundisha kazi kwa kunitukana. Nikikaza nati kupita kiasi, ataniuliza kama nadhani nafunga mzigo wa pembe za ndovu. Nikisahau spana ndani ya injini, atasema wapagazi ndivyo walivyo, wanadondosha bidhaa porini. Lakini alinifundisha kusikiliza. Alinishikisha bisibisi ndefu, ncha kwenye injini na mpini sikioni, akaniacha hapo mpaka nikaweza kumwambia ni beringi ipi inayolalamika. Alinifundisha kunawa kwa mafuta ya taa na pumba za mbao wakati sabuni haikuonekana madukani. Alinifundisha pia kuchonga gasketi kwa boksi la kandambili, kwa kuwa vipuri navyo havikuonekana. Nyinyi mnaoagiza kipuri leo kikaja kesho kutwa, sina ugomvi na nyinyi. Ila mkipata nafasi chongeni gasketi moja kwa mkono, mjue ni kitu gani.

Mwinshehe alikuwa na gari lake mwenyewe, kigari cha Kiingereza cha tangu ukoloni, alichoachiwa na mzungu wa reli aliyefunga virago baada ya uhuru. Lilikuwa jeupe, na watoto wa Isevya, mtaani kwake, waliliita Maziwa. Alilipenda gari lile kupita kiasi, na aliyekuwa analipenda zaidi yake ni mkewe, Bi Tausi. Huyu alikuwa Mnyamwezi mwenzangu, Mwislamu, mama mnene mtaratibu ambaye Mungu hakumjalia mtoto. Alizaliwa kijiji cha kusini, njia ya Sikonge, pembeni ya barabara ile ya zamani ya misafara. Mama yake alifariki yeye akiwa binti mdogo, akachukuliwa na shangazi yake kuja mjini, akaolewa hapa hapa na kijana wa pwani aliyekuja na treni.

Jambo moja lilimkaa Bi Tausi moyoni. Mumewe hakuwahi kufika ukweni. Mama amelala kule kijijini hajui kama bintiye aliolewa, wala hajui ameolewa na nani. Kila mwaka walisema mwakani. Mwaka huu kazi nyingi, mwaka huu mvua, mwaka huu shangazi mgonjwa. Halafu ikaja amri ya vijiji vya ujamaa, watu wa kule wakahamishwa wote, makaburi yakabaki na msitu. Basi la abiria halikwenda tena, maana basi linafuata watu. Na miguu ya Bi Tausi ilikuwa imeanza kuvimba, si ya kutembea porini. Ikabaki Maziwa peke yake, na Mwinshehe akamwahidi kwamba kiangazi kikifika watakwenda.

Kabla ya kiangazi Maziwa ikafa. Tulikuwa tumetoka Bukene kukwamua lori, joto kali, rejeta ikavuja bila sisi kujua, na bloki ya injini ikapasuka kwa mlio ambao sitaki kuusikia tena. Tuliivuta kwa kamba mpaka Isevya, tukaisukuma uani kwake. Bloki nyingine ya aina ile hukuipata Tabora, wala Mwanza, wala Dar es Salaam. Fedha za kigeni hazikuwepo, na zilipokuwepo zilinunua matrekta. Miaka ikapita, Bi Tausi anaanika nguo kwenye boneti, hasemi neno. Mwinshehe alikuwa akiziona zile nguo anageuza uso.

Siku moja treni ya kutoka Dar ikashusha kasha la mbao lenye jina lake. Alikuwa na mpwa wake baharia, kijana wa maana sana, alimhangaikia mjomba wake huko bandarini mpaka akapata injini mpya kabisa, imefungwa karatasi ya nta. Lori la kulichukua halikupatikana. Tukapitisha miti miwili ya mninga chini ya kasha, tukalibeba mabegani mzegamzega kutoka stesheni mpaka Isevya, Mwinshehe anatembea mbele mikono mitupu, anawatangazia watu barabarani kwamba hatimaye mpagazi wake anafanya kazi aliyoajiriwa.

Tukalifungua. Injini ilikuwa ya Kijapani, ya magari ya siku zile, haihusiani na Maziwa kwa baba wala kwa mama. Aliizunguka, akachuchumaa, akainuka.

"Mpagazi, hii ni kumvalisha bibi yako suruali ya mjukuu," akasema. "Lakini atavaa."

Akaanza kupima. Kila jioni baada ya kazi nilimkuta uani na kipande cha kamba, anapima injini, anapima gari, anatikisa kichwa, anacheka. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Ndipo homa ikamshika, tukadhani ni malaria ya kawaida, hata yeye aliniagiza nisiguse kitu mpaka atoke hospitali. Hakutoka. Mwinshehe wangu alikufa injini ikiwa bado kwenye kasha.

Ndugu zake wakaja kutoka pwani, wakiongozwa na kaka yake mkubwa, Mzee Kondo. Naomba mnielewe, hakuwa mtu mbaya. Baada ya mazishi alisema kwa upole kabisa kwamba gari limekufa na mwenye kulifufua amekufa, na kule kwao kijijini kuna kinu cha kusaga kilichokosa injini, wanawake wanatwanga kwa mchi mpaka mikono inatoka malengelenge. Injini kulala kwenye kasha ni dhambi. Wataondoka nayo. Bi Tausi alikuwa ndani, ameshavaa nguo nyeupe za eda, na alisikia yote. Niliingia kumpa pole nikamkuta amekaa kwenye mkeka anatazama ukuta. Akaniambia kwamba yeye hana shida na injini, mwenye nayo hayupo, ila sasa mama yake hatajua kabisa.

Nikatoka pale nikiwa na hasira, sijui nilimkasirikia nani. Lakini mimi nilikuwa mtani wa marehemu, na msibani mtani ana kazi yake. Nikaenda nikavaa ovaroli ya Mwinshehe, nikajipaka grisi usoni, nikaingia katikati ya waombolezaji natembea kwa ule mwendo wake wa bata, nagombeza watu kwa sauti yake. Huyu nikamwambia kafunga kilemba kama gasketi iliyochanika, yule nikamuuliza kala wali wa nani. Watu wakacheka huku wanajifuta machozi. Nilipoona wote wananitazama, nikaenda nikapanda juu ya kasha la injini, nikakaa, nikakunja miguu.

Kila mtu alijua maana yake. Kitu cha marehemu kikishikwa na mtani, hakinyang'anywi. Kinakombolewa. Mzee Kondo akacheka, akaagiza kuku, akaja naye mkononi kwa heshima zote.

"Haya mtani, kuku wako huyu. Shuka."

"Sishuki kwa kuku."

"Mbuzi?"

"Nataka muda," nikasema. Hapo sauti ya Mwinshehe ikanikatika, ikabaki yangu. "Nipe mpaka shemeji yako amalize eda. Gari litatembea, na atakwenda kwa mama yake. Likishindwa, chukueni."

 Mzee Kondo alimshika vizuri kuku aliyekuwa anapapatika mkononi. Kisha akasema sawa, eda ikiisha atakuja mwenyewe. Akikuta gari linatembea, injini ni ya shemeji yake. Akilikuta limelala, mimi mpagazi nitalibeba kasha mpaka stesheni kwa kichwa changu. Nikashuka. Kuku nilimchukua pia, sikuwa mjinga.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi ilipo. Karakana ya serikali haikuruhusiwa kuingiza gari la mtu binafsi, na mkuu wetu kwenye jambo hilo alikuwa mkali kuliko Azimio lenyewe. Kwa hiyo kazi ifanyike pale uani. Lakini kwa desturi ya nyumba ile, mjane akiwa edani, mwanaume asiye ndugu hakanyagi uani. Mafundi wote niliokuwa nao walikuwa wanaume. Wakawa wanakuja jioni wanasimama nje ya ukuta, wananirushia spana na ushauri. Wanauliza umelegeza ya chini, nasema nimelegeza, wanabishana wao kwa wao kuhusu kitu wasichokiona. Siku nyingine walibishana mpaka magharibi, mimi nimeshamaliza nakunywa chai.

Aliyekuwa nami ndani ni Mama Zuhura, jirani, muuza vitumbua, na wanawake aliowakusanya yeye. Injini ya zamani tuliinyanyua kwa nguzo tatu za mninga na mnyororo, wanawake wanavuta huku wanaimba kama wanatwanga. Bi Tausi alikaa dirishani nyuma ya pazia, anatupa habari za mumewe. Anasema, hapo Mwinshehe alikuwa anaweka kitambaa kwanza. Anasema, hapo alikuwa anatukana. Nami natukana kidogo ili afurahi. Wakati mwingine alikuwa anaacha kusema katikati ya neno, na sisi tunaendelea na kazi kimya kimya mpaka apate nguvu.

Ile injini ilikuwa fupi kuliko mwenzake lakini ndefu kwenda juu. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikagonga mhimili wa mbele, nikaikata na kuichomea upya. Gari la zamani lile waya wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, mgeni wetu yeye alitaka hasi, basi nikageuza nyaya zote, moja moja, naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Miguu ya injini nikaiwekea mpira wa tairi la lori. Boneti ikagoma kufunga kabisa. Nikatoboa tundu, na Mama Zuhura akatoa beseni lake la alumini lenye mpasuko, tukaligeuza juu chini na kulibana pale kwa ribiti. Maziwa ikawa na nundu kama ng'ombe wa Kisukuma, na Bi Tausi alipochungulia akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kilichotaka kunitoa roho ni giaboksi. Injini ya Mjapani na giaboksi ya Mwingereza hazikutazamana hata tundu moja. Ilibidi katikati yake iwekwe sahani nene ya chuma, yenye matundu ya huyu upande huu na ya yule upande ule. Nikachora kwenye boksi, mkereza vyuma mmoja wa reli akanichongea baada ya zamu yake. Tukafunga, tukashusha injini, nikakanyaga klachi. Haikuachia. Nikalala chini ya gari, nikatazama, nikajua sahani imekaa upande kidogo sana, unene wa ukucha. Kila kitu kitoke tena, na eda ilikuwa inaelekea ukingoni.

Nililia chini ya gari lile, sitaki kuwadanganya. Mama Zuhura akanisikia, akawaambia wenzake mnyororo urudi mahali pake, na wakaanza kuvuta kabla sijatoka vizuri. Mkereza vyuma alitoboa upya matundu yale siku yake ya mapumziko. Mafundi wangu nje ya ukuta hawakubishana siku ile. Walisimama tu.

Mzee Kondo alifika kwa treni ya asubuhi, siku ambayo Bi Tausi alioga na kuvua nyeupe. Alikuja na vijana wawili wa kubeba. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye usukani, namwomba Mungu, kwa sababu jana yake injini iliwaka mara moja ikazima. Nikafungua swichi, nikavuta starta. Ikakohoa, ikakataa. Nikavuta tena, ikashika, ikatulia, sauti nyororo ambayo Isevya haijawahi kuisikia kwenye gari la umri ule. Nikakanyaga klachi, ikaachia. Nikaitoa Maziwa uani kinyumenyume mpaka mbele ya miguu ya Mzee Kondo. Akaligusa lile beseni, akaliangalia, akavua kofia. Aliniambia kwamba kinu cha kijijini kitapata injini nyingine, Mungu si mchoyo. Kisha akaingia ndani kumsalimia shemeji yake, na nilimsikia analia huko.

Petroli wakati ule ilikuwa kwa kibali, na tuliyopata ilikuwa ya kwenda na kurudi tu, hakuna ya kupotea njia. Tuliondoka watatu, mimi, Bi Tausi kando yangu, na Mama Zuhura nyuma na jembe na vitumbua. Tulipoiacha barabara kubwa tukafuata ile ya zamani, majani yanapiga chini ya gari. Bi Tausi alikuwa anachungulia nje mpaka tulipoona uzio wa minyaa, umekua mrefu hauna mtu wa kuupunguza, na nyumba ndani yake zimekuwa vifusi. Akasema hapa kwa kina nani, pale kwa kina nani. Kisha akanyoosha mkono kwenye kichuguu kikubwa, na mawe chini yake.

Nikaanza kusogeza gari ili asitembee sana na miguu yake ile. Akanishika mkono.

"Hapa hapa, mwanangu. Mkwe hasogei mpaka miguuni kwa mama mkwe. Msimamishe mbali."

Nikasimama. Nikapeleka mkono kwenye swichi.

"Na usimzime," akasema. "Mama asikie amekuja."

Akashuka, Mama Zuhura akamshika kiwiko, wakaenda pole pole kwenye majani mpaka kwenye mawe. Nilimwona anapiga magoti. Nilimwona anazungumza, anageuka kidogo anaonyesha upande wa gari, anarudi kuzungumza tena, na alikuwa na mengi ya kusema. Mimi nilikaa na mguu wangu juu ya pedeli ya mafuta, machozi yanadondoka kwenye usukani, natazama mshale wa petroli unavyoshuka. Sikuizima.